Uzi: Damu ya miguuni inarudije moyoni? Tuache kusema "vali zinaipandisha"

Mwl_Mingoyo (mwanzisha uzi)

Wakuu wa Lindi na Mtwara, salaam. Kwenye daftari nyingi za baiolojia jibu ni hili: moyo unasukuma damu hadi miguuni, nguvu inaishia huko, kisha vali za kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zinaipandisha damu hatua kwa hatua mpaka juu. Vali haipandishi kitu. Vali ni mlango, haina misuli ya kusukumia. Naweka hesabu hapa, mwenye pingamizi alete.

Kipimo cha shinikizo ni milimita za zebaki, nitaandika mm tu. Kwa mtu aliyelala chali, shinikizo la wastani kwenye aota (mshipa mkuu unaotoka moyoni) ni kama mm 95. Damu ikiingia kapilari (vishipa vyembamba kabisa) imebaki na 35 hivi, ikitoka upande wa pili ina 15, na ikifika atiria ya kulia (chumba cha moyo kinachoipokea) ina 0 hadi 5. Kwa hiyo nguvu ya moyo haijaisha miguuni. Imebaki mm 10 hivi, na kwa kuwa vena ni pana na hazina ukinzani mkubwa, hizo 10 zinatosha kurudisha lita 5 kwa dakika.

Sasa asimame wima. Kutoka atiria hadi kifundo cha mguu ni kama sentimita 120. Safu ya damu ya urefu huo inaongeza mm 90 hivi. Vena ya kifundo iliyokuwa inasoma 10 sasa inakaribia 100. Hapo watu huuliza: 10 itaishindaje 90? Haishindani nayo. Safu hiyohiyo ya sentimita 120 ipo pia ndani ya ateri (mishipa inayotoa damu moyoni), ikielekea chini. Ateri ya kifundo nayo imepanda kutoka 95 hadi 185. Tofauti kati ya ateri na vena ni ileile iliyokuwepo mtu alipolala.

Kinachobadilika ni ukubwa wa vena. Ukuta wa ateri ni mnene, hautanuki kirahisi. Wa vena ni mwembamba na unatanuka. Mtu akisimama, mililita 500 hadi 700 zinahama kutoka kifuani na kujikusanya miguuni na tumboni. Moyo unabaki na kidogo cha kusukuma. Taabu ya kusimama basi ni damu kuegeshwa chini, wala si kupanda mlima. Vali, misuli, neva, soksi za kubana, vyote vinafanya kazi dhidi ya huko kuegeshwa.

---

Fundi_Pampu_Mtanda

Mwalimu, kwenye uzito nakubali. Maji yanayozunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, yakapanda ghorofani na kurudi kwenye pampu ileile, yakishajaa pampu haiinui tena, inalipa msuguano tu. Lakini hilo ni kwa bomba gumu. Weka mpira laini upande wa kurudi, uone: sehemu iliyo juu ya pampu inanyauka, maji yanapita kwa kubanana. Vena ni mpira laini. Kwa hiyo shingoni na kichwani hesabu yako inakwama. Unasemaje?

---

Mwl_Mingoyo

Fundi, umegusa penyewe. Juu ya moyo vena za shingo kwa kweli zinanyauka mtu akisimama, ndiyo maana huzioni. Damu ya kichwani inateremka kwa uzito wake kupitia nafasi iliyobaki. Ndani ya fuvu mambo ni mengine: mifereji ya vena imeshikwa na utando mgumu, haiwezi kunyauka, na kwa mtu aliyesimama shinikizo lake hushuka chini ya lile la hewa ya nje, kama mm 10 chini ya sifuri.

Ukiona vena za shingo zimejaa kwa mtu aliyeketi wima, hiyo ni dalili ya ugonjwa. Kipimo cha kliniki: mlaze kwa mwinuko wa nyuzi 45, angalia vena ya ndani ya shingo upande wa kulia inapigia usawa gani. Ikizidi sentimita 3 kwa wima juu ya kinundu cha mfupa wa kidari, shinikizo la atiria limepanda.

---

Muuguzi_Shangani

Hiyo ya chini ya sifuri wenzangu wa wodini msiipite haraka. Vena ya shingo ikifunguliwa mgonjwa akiwa ameketi, kila anapovuta pumzi hewa inaweza kufyonzwa ndani. Inaenda ventrikali ya kulia (chumba cha moyo kinachosukuma damu mapafuni), inapigwa povu, na moyo unashindwa kusukuma povu. Ndiyo sababu mrija wa shingoni unawekwa mgonjwa akiwa amelazwa kichwa chini ya usawa wa miguu, na ukitolewa alale, abane pumzi, tundu lizibwe kwa bandeji isiyopitisha hewa.

Kanyula ya mkononi (kimrija kinachoingizwa kwenye vena kwa sindano) inafuata kanuni hiyohiyo ya mwalimu, ya vena kutanuka. Ning'iniza mkono chini ya usawa wa moyo kwa dakika moja kabla hujafunga chochote. Kisha funga mpira sentimita 8 hadi 10 juu ya sehemu utakayochoma. Ubane kiasi cha kuzuia vena tu. Kama mapigo ya mkono yamepotea, umebana ateri na hakuna damu mpya ya kujaza vena. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote: mpira unakazwa mno, vena haivimbi, lawama anapewa mgonjwa kwamba "hana mishipa". Vinundu utakavyoviona kwenye vena iliyojaa ni vali. Usielekeze sindano kwenye kinundu, mrija utakwama hapo.

Ukichukua damu ya maabara, mpira usizidi dakika moja. Ukikaa zaidi, maji yanavuja nje ya kapilari, chembe na protini zinabaki zimesongamana, majibu yanatoka ya juu isivyo kweli. Na kumwambia mgonjwa afumbe na kufumbua ngumi mara nyingi kunapandisha potasiamu.

---

Mwl_Mingoyo

Ahsante dada muuguzi. Walimu, vinundu hivyo ndivyo jaribio rahisi la darasani, halihitaji maabara. William Harvey alilichapisha mwaka 1628. Mwalimu wake wa Padua, Fabricius, alikuwa ameshazieleza vali mwaka 1603, lakini alidhani kazi yake ni kuzuia damu isimiminike kwa wingi kwenda mikononi na miguuni. Harvey ndiye aliyeona mlango unafunguka kuelekea upande gani.

Chagua mwanafunzi mwembamba, mkono uning'inie, funga kitambaa juu ya kiwiko bila kukaza sana. Tafuta vena ndefu ya mkono wa mbele yenye vinundu viwili. Kwa kidole kimoja bana karibu na kinundu cha chini, kwa kidole cha pili kamua damu kuelekea juu hadi upite kinundu cha juu, kisha inua kidole hicho cha pili. Kipande kati ya vinundu kitabaki kitupu ingawa juu yake kumejaa. Jaribu kuikamua damu ya juu irudi chini: itaishia kwenye kinundu na kuvimba hapo. Inua kidole cha kwanza, kipande kinajaa papo hapo kutoka chini. Basi. Lisifanywe kwa mwanafunzi mwenye selimundu, na kitambaa kisikae zaidi ya dakika mbili.

---

Kochi_Nangwanda

Naomba niingie kwenye misuli, maana humo ndimo injini ilimo.

Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa. Ule wa ndani, uliolala chini ya unaoonekana, una vifuko vya vena vipana. Shavu moja linabeba mililita 100 hadi 150 za damu ya vena, na mkazo mmoja mzuri unatoa zaidi ya nusu. Misuli imezungukwa na utando mgumu usiotanuka, kwa hiyo ikikazana haina pa kuvimbia nje, inabana ndani, na shinikizo ndani ya shavu linaweza kupita mm 200. Vali za chini zinafunga, za juu zinafunguka, damu inakwenda gotini na pajani. Misuli ikilegea, vena za ndani zinabaki karibu tupu, zinapokea damu ya vena za chini ya ngozi kupitia vijia vinavyounganisha, navyo vina vali zake zinazoruhusu kuingia ndani tu.

Matokeo yake: vena ya mguuni iliyosoma mm 90 mtu amesimama kimya, baada ya hatua kama kumi inashuka chini ya 30. Akisimama tena, kapilari zinaijaza polepole. Mguu wenye vali nzima huchukua zaidi ya sekunde 20. Mguu wenye vali mbovu hujaa haraka zaidi, kwa sababu damu inamwagika kutoka juu pia.

Sasa kwa wanamichezo. Mkimbiaji akivuka mstari na kusimama ghafla, mishipa ya misuli bado imefunguka na pampu imezimwa. Kwa jua la saa saba la Mtwara na vena za ngozi nazo zimefunguka kupoza mwili, anaanguka. Atembee dakika 5 hadi 10, hata kama amekasirika kwa kushindwa. Wanafunzi mstarini asubuhi na vijana wa gwaride ni hivyohivyo: wafundishwe kukaza shavu la mguu na mapaja, na kukunja vidole ndani ya viatu, kila baada ya nusu dakika. Mkao wa kukakamaa magoti bila kutikisika ndio unaowaangusha.

Aliyeanguka aachwe amelala, miguu iinuliwe sentimita 30 hivi. Hapo mnamrudishia damu yake mwenyewe. Tabia ya kumkalisha kwenye kiti haraka ili "apate hewa" inamzimisha tena.

---

Tabibu_Masasi

Kochi amemaliza miguu, mimi naongeza kifua. Ukivuta pumzi, kiwambo (misuli inayotenganisha kifua na tumbo) kinashuka: kifuani shinikizo linapungua, tumboni linapanda, damu ya vena kuu ya chini inabanwa kutoka tumboni kuingia kifuani. Vali za mapajani zinazuia isirudi miguuni. Kinyume chake ni kubana pumzi na kujikaza, kama anayenyanyua gunia la korosho au anayehangaika chooni na choo kigumu. Kifua kinajaa shinikizo, damu hairudi, na kizunguzungu kinafuata. Wapagazi waambiwe watoe pumzi wakati wa kunyanyua.

Halafu naomba nipingane kidogo na mwalimu. Umesema kana kwamba kila kitu ni msukumo kutoka nyuma. Ventrikali ikikaza inavuta sakafu ya atiria kuelekea chini, atiria inapanuka na kufyonza damu. Moyo unavuta pia.

---

Mwl_Mingoyo

Unavuta, tabibu, ila kwa kiasi. Arthur Guyton wa Marekani alionyesha mpaka wake: ukiendelea kushusha shinikizo la atiria chini ya sifuri, damu inayorudi haiongezeki tena, kwa sababu vena zinanyauka pale zinapoingia kifuani. Mpira laini wa fundi huo. Atiria ikiwa tupu kazi yake kubwa ni kutozuia njia. Na kinachosukuma kutoka nyuma ni ujazo wa mfumo wenyewe: moyo ukisimamishwa na shinikizo likasawazika kila mahali, mishipa bado inasoma kama mm 7. Neva zikibana vena za tumboni, hiyo 7 inapanda. Mtu akipoteza damu nyingi inashuka, na hata moyo mzima kabisa hauna la kufanya.

---

Tabibu_Masasi

Hapo sawa. Tusonge.

---

Binti_Newala

Wakuu, nisaidieni kwa lugha nyepesi. Wanawake wa viwanda vya kubangua korosho wanakaa benchi kutwa, wa maghalani wanasimama kutwa. Jioni kiatu hakiingii. Mmoja anaambiwa ni matende, mwingine anaambiwa ni chumvi, mwingine anaambiwa amerogwa. Mtu ataanzaje kutofautisha?

---

Tabibu_Masasi

Swali zuri dada, na kwa pwani yetu lina uzito, maana matende yapo huku tangu zamani na watu wameyazoea kiasi kwamba kila mguu uliovimba unapewa jina hilo.

Anza na kuuliza: ni mguu mmoja au yote miwili, na umevimba kwa muda gani?

Uvimbe wa vena wa kukaa au kusimama sana huja jioni, hupungua usiku. Ukibonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko kwa sekunde 10 hadi 15, shimo linabaki. Vidole vya mguu mara nyingi haviathiriki. Ukikaa miaka, ngozi ya upande wa ndani juu ya kifundo inakuwa na weusi wa kahawia, inawasha, inakauka, na hapohapo ndipo kidonda kinapotokea. Weusi huo ni madini ya chuma ya chembe nyekundu zilizovuja.

Matende ni kazi ya limfu. Kapilari huvujisha maji kila siku, na lita 2 hadi 4 hivi zinarudi kwa njia ya limfu, zikimwagwa kwenye vena kubwa chini ya shingo. Minyoo ya matende inayoenezwa na mbu ikiharibu njia hiyo, maji yenye protini yanabaki. Mwanzoni unabonyea, baadaye unakuwa mgumu. Uvimbe unapanda mgongo wa mguu na vidole. Jaribu kufinya ngozi kwenye shina la kidole cha pili cha mguu: ikishindikana kuinuka, fikiria limfu. Kingatiba inayogawiwa vijijini inaua minyoo midogo ndani ya damu na kukata maambukizi; mguu uliokwisha kuharibika unahitaji kuoshwa kwa sabuni kila siku, kukaushwa katikati ya vidole, kuinuliwa na kufanyishwa mazoezi.

Miguu yote miwili ikivimba pamoja na kuishiwa pumzi ukilala, au uso kuvimba asubuhi, au tumbo kujaa, usihangaike na soksi. Hapo ni moyo, figo au ini, na kumbana miguu mwenye moyo ulioshindwa ni kurudisha maji mahali ambapo hayatakiwi.

Mguu mmoja uliovimba ndani ya siku chache, shavu linauma, lina joto: damu imeganda kwenye vena ya ndani mpaka ithibitishwe vinginevyo. Chukua futi ya cherehani, pima shavu sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, kila mguu. Tofauti ikizidi sentimita 3, aende hospitali siku hiyohiyo. Msimkande wala kumchua. Bonge likibanduka linapita vena ya kinena, vena kuu ya chini, moyo wa kulia, linanasa kwenye mapafu. Kukosa pumzi ghafla na maumivu ya kifua ni dharura.

Kwa wa benchi na maghala ambao ni vena tu: kifundo juu chini mara 20 kila nusu saa, kutembea dakika 5 kila saa, na nyumbani miguu juu ya usawa wa moyo dakika 20 hadi 30. Juu ya moyo, nasema. Kuweka miguu kwenye kigoda ukiwa umekaa kunapunguza tu urefu wa safu, hakuigeuzi.

---

Konda_wa_Kusini

Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Abiria wa siti ya nyuma asimame vipi? Na wajawazito?

---

Tabibu_Masasi

Hatari ya damu kuganda inaanza kuongezeka safari ikizidi saa 4. Asipoweza kusimama, akanyage sakafu kwa ncha ya mguu kisha kwa kisigino, mara 20, kila nusu saa. Asikunje nne. Mzigo usiwekwe chini ya miguu ukamkunjia magoti. Anywe maji, hata kama ni karaha ya kuomba gari lisimame. Wa kuangaliwa zaidi: aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye plasta ya gipsi, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, mwenye saratani, mwenye selimundu.

Mjamzito, na aliyejifungua ndani ya wiki 6, yumo kwenye orodha. Damu yake huganda kirahisi zaidi, na uterasi (mji wa mimba) inabana vena kuu ya chini akilala chali, hivyo alalie ubavu, hasa wa kushoto. Mguu wa kushoto ndio huganda zaidi, kwa sababu pale nyonga ateri ya kulia inapita juu ya vena ya kushoto na kuibana.

---

Muuguzi_Shangani

Soksi za safari ni zile za kubana kwa shinikizo la mm 15 hadi 20 kwenye kifundo. Zinavaliwa asubuhi kabla hujashuka kitandani, mguu ukiwa bado haujajaa. Ukingo wa juu usikunjwe: ukikunja unazidisha kubana mahali pamoja na unakuwa umefunga mpira wa kuchomea sindano chini ya goti.

Kwa kidonda cha vena, bendeji. Kwanza tafuta mapigo mawili: mgongo wa mguu, na nyuma ya nundu ya ndani ya kifundo. Kama hayapatikani, au ni mwenye kisukari, apimwe shinikizo la kifundo kulinganisha na la mkono. Uwiano chini ya 0.8, usibane kwa nguvu kamili. Ateri ikiwa na njaa utaua ngozi.

Mguu ukae pembe ya mraba. Zungushia pamba ya bandeji, zaidi pale kifundo kinapokuwa chembamba, kwa sababu kwa mvuto uleule sehemu nyembamba inabanwa zaidi kuliko nene. Anza kwenye shina la vidole, funika kisigino, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, malizia vidole viwili chini ya goti. Mvuto wako uwe uleule mwanzo hadi mwisho. Umbo la mguu lenyewe litafanya chini pabanwe zaidi kuliko juu. Wanaokosea ni wale wanaoanzia juu ya kifundo wakiacha mgongo wa mguu wazi, jioni unakuta umevimba kama andazi. Baada ya nusu saa bonyeza kucha: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ganzi au maumivu yanayozidi, fungua.

---

Mwana_Kivinje

Swali la mwisho kutoka kwangu. Wale wanaotolewa vena zilizojikunja mguuni, damu itapita wapi sasa? Si wataharibikiwa zaidi?

---

Tabibu_Masasi

Hapana, ilimradi vena za ndani ni nzima, ndiyo maana zinapigwa picha ya mawimbi ya sauti kwanza. Takribani asilimia 90 ya damu ya mguu hurudi kwa vena za ndani. Ile ya chini ya ngozi yenye vali mbovu ilikuwa inamwaga damu chini, si kuipandisha. Ikiondolewa au kuzibwa, mguu unapumzika.

Vena hiyo hiyo ndefu, inayopita mbele ya nundu ya ndani ya kifundo hadi kinenani, ikiwa nzima hutumiwa na wapasuaji kama njia mpya ya damu kwenye moyo ulioziba ateri. Wanaipachika ikiwa imegeuzwa juu chini. Wakisahau, vali zinafunga na damu haipiti.